Runinga kwenye madarasa ya kanisa: video iwe kwenye flashi, isiwe hewani

Kazi yangu ni kufunga na kutunza vyombo vya sauti na picha makanisani, Dar es Salaam na mikoa ya jirani. Sharika nyingi sasa zina runinga kwenye madarasa ya Shule ya Jumapili na ya kipaimara, na simu ninazopigiwa Jumapili asubuhi zinafanana: "Fundi, TV inawaka ila video haichezi." Ni nadra runinga yenyewe kuwa mbovu. Shida huwa kwenye njia ambayo video imepita mpaka kufika pale.

Msimamo wangu ni huu: video ya darasani isitegemee intaneti, wala isitegemee kurushwa kutoka kwenye simu ya mwalimu. Chromecast, kifaa cha Google cha kurushia video kwenye runinga, inataka simu na runinga ziwe kwenye Wi-Fi moja, na mitandao mingi ya wageni imewekwa makusudi ili vifaa visionane. Miracast, njia ya kurusha skrini ya simu moja kwa moja hadi kwenye runinga, haihitaji ruta, lakini iPhone haina Miracast. Wengine hukimbilia adapta ya kutoka USB-C (tundu la chaji la simu) kwenda HDMI (tundu la picha na sauti la runinga), kumbe simu nyingi za Android za bei nafuu hazitoi picha kupitia tundu hilo. Skrini inabaki nyeusi na muuza duka anasingiziwa bure. Na hata mambo yote yakikubali, simu inayoonyesha skrini yake yote itaonyesha pia ujumbe wa muamala wa pesa ukiingia katikati ya habari ya kusulubiwa. Watoto hawatakumbuka kingine siku hiyo.

Kwa hiyo tumieni flashi. Lakini flashi nayo ina masharti yake, na hapa naomba walimu mnivumilie, kwa sababu ndipo lawama nyingi zinapoanzia.

Sharti la kwanza ni mfumo ambao flashi imefomatiwa nao, yaani jinsi ilivyoandaliwa kuhifadhi mafaili. Runinga karibu zote zinasoma FAT32. Flashi za GB 64 na kuendelea mara nyingi hutoka dukani zikiwa na exFAT, na runinga za zamani huziona kama hazina kitu. Nunua ya GB 16 au 32, inatosha kabisa. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, ila kipande cha darasani hakifiki huko: dakika 10 za picha ya 720p (kiwango cha HD cha chini), kwa kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde, ni chini ya MB 200. Unatumia bando mara moja tu katikati ya wiki, kisha madarasa yote yanakili faili hilohilo.

Sharti la pili ni jinsi picha na sauti zilivyobanwa ndani ya faili, na hili ndilo linalowasumbua watu zaidi. Jina likiishia na .mp4 haimaanishi kwamba runinga yako italielewa. Ndani yake picha inaweza kuwa imebanwa kwa H.264, ya mwaka 2003, au kwa H.265, ya mwaka 2013, ambayo runinga nyingi za zamani haziwezi kuifungua. Sauti nayo ikiwa imebanwa kwa DTS, ambayo runinga nyingi haziifungui, utaona midomo ikicheza bila neno kusikika. Salama yenu ni MP4 yenye picha ya H.264 na sauti ya AAC. Programu ya HandBrake, ya kompyuta, hubadilisha faili liwe hivyo, na ni ya bure: ingiza faili, chagua mpangilio wa Fast 720p30, iache ifanye kazi.

Msilijaribu faili kwenye laptopu mkaridhika. VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, inacheza karibu kila kitu, kwa hiyo haiwezi kukuambia lolote kuhusu runinga. Jaribio ni lile la Jumamosi, kwa flashi ileile, kwenye runinga ileile, darasani humohumo, ukiwa umekaa kiti cha nyuma kabisa.

Kiti hicho cha nyuma kina mengi ya kukufundisha. Runinga ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40 hivi. Sisi mafundi hukadiria kwamba anayesoma maandishi asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo hicho, yaani mita 2.4. Ya inchi 55 inafika kama mita 4. Kama darasa lenu ni refu kuliko hapo, wasogezeni watoto mbele badala ya kuchangisha fedha za runinga nyingine. Sauti ni shida kubwa zaidi. Spika za runinga bapa hutazama chini au ukutani, na chumba cha sakafu ya saruji na bati lisilo na dari humeza maneno, hasa mvua ikinyesha. Spika ndogo mbili zilizowekwa usawa wa masikio ya watoto husaidia kuliko sabufa. Besi haimfikishii mtoto neno hata moja.

Kuhusu haki: kununua DVD ni kununua nakala, si ruhusa ya kuionyesha hadharani, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haitupi ruhusa ya jumla kwa sababu tu sisi ni kanisa. Masharti ya YouTube nayo yanakataza kupakua kwa programu za kando. Tafuteni video ambazo wenyewe wameruhusu zipakuliwe. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka, ipo kwa Kiswahili na inapatikana pia katika vipande vifupi, ambavyo darasani vina faida kuliko filamu nzima ya saa mbili.

Nasisitiza vipande vifupi kwa sababu runinga isichukue nafasi ya mwalimu. Naumia nikipita mlangoni na kukuta watoto wamewashiwa filamu huku mwalimu yuko nje na simu yake. Ukifundisha Msamaria Mwema, Luka 10, isimamishe video pale Mlawi anapopita kando. Waulize: wewe ungefanya nini? Waache wabishane, kisha endelea. Faili lililo kwenye flashi husimama na kuendelea papo hapo, bila kile kiduara kinachozunguka huku watoto wakipiga kelele. Angalieni tu kwamba baadhi ya runinga hujizima zikisimamishwa muda mrefu; zimeni mpangilio huo kwenye menyu. Remoti ikae mkononi mwa mwalimu, si kwa mtoto mkubwa wa darasa, na betri za akiba ziwe kwenye droo.