Kabla hujanunua sponji ya kuzuia kelele, panda kwanza darini uangalie

Swali tunaloletewa sana pale chuoni, na watu wa hapa Tanga, wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni mpaka huko Mikanjuni, ni hilihili: kelele zinaingia ndani, nibandike nini ukutani? Na wengi wanakuja wameshaamua, wameona kwenye simu mtu kajaza chumba sponji nyeusi zile zenye vichongo au trei za mayai, na wao wanataka hivyohivyo. Mimi nafundisha ujenzi, naomba niseme mapema usije ukapoteza hela. Sponji na trei za mayai hazizuii sauti isipite. Kazi ya sponji ni kupunguza mwangwi wa mlemle ndani, ndo maana studio wanaiweka, ili sauti ya mwimbaji isigonge ukuta ikarudi kwenye maiki. Lakini kelele ya jirani inaipita tu, maana sponji ni nyepesi na imejaa hewa. Trei za mayai hata huo mwangwi zinaupunguza kidogo sana. Halafu vyote viwili vinashika moto haraka na moshi wa sponji una sumu kali, sasa wewe umezungushia chumba wanacholala watoto, na waya za umeme zinapita humohumo. Tafadhali usifanye hivyo.

Kitu cha kuangalia kwanza ni juu. Chukua ngazi, fungua kile kidirisha cha dari, panda na tochi, uangalie ukuta unaotenganisha chumba chako na cha jirani unaishia wapi. Kwenye nyumba nyingi za hapa Tanga utakuta umeishia usawa wa dari, labda umezidi kidogo, halafu juu yake ni uwazi mtupu kutoka upande mmoja wa nyumba mpaka mwingine, kenchi na bati basi. Zile nyumba zetu za korido katikati na vyumba huku na huku, ambazo kila chumba kina mpangaji wake, ziko hivyo karibu zote, na nyingine hazina hata dari, ukilala unaona bati la jirani. Mtu anakohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu anampa pole. Hapo hata ukuta wako ungekuwa wa zege la nchi tisa usingesaidia, sauti inapanda juu, inatembea mule darini, inashuka kwako kupitia silingi bodi ambayo ni nyepesi. Watu wanapiga plasta ya pili, wanapaka skimu, wanapanga kabati ukutani, na mazungumzo wanayasikia vilevile kwa sababu njia yenyewe haijaguswa.

Dawa yake ni kuupandisha ukuta huo mpaka kwenye bati. Kama nyumba ni ya tofali za saruji na ina mkanda wa zege juu ya kuta, fundi anaweza kuendelea na tofali juu ya ukuta uleule, apige plasta, na zile nafasi kwenye mikunjo ya bati azizibe vizuri, hapo ndo mafundi wengi wanapoharakisha, wanaacha vidirisha vidogovidogo wanakwambia haina shida. Ina shida, nitakuonyesha hesabu yake sasa hivi. Kama nyumba ni ya udongo na fito au tofali mbichi usiongeze mzigo wa tofali juu, tengeneza fremu ya mbao mbili kwa mbili, gonga bodi za jipsamu pande zote mbili na katikati jaza pamba ya kuhami ile inayotengenezwa kwa mawe au kioo. Ila matundu ya hewa ya nje, yale ya kwenye pembe za paa, usiyaguse, dari linatakiwa kupumua, la sivyo joto la mchana utalala nalo. Unachoziba ni kati ya chumba na chumba tu.

Na ukiwa hukohuko juu angalia kitu kingine, je sehemu ya ukuta iliyo juu ya dari imepigwa plasta? Mara nyingi haijapigwa kwa vile haionekani. Tofali la saruji lina vitundu vidogo vidogo vingi, na viungo vya kati ya tofali na tofali fundi hajavijaza vizuri, sauti inapenya humo. Plasta kazi yake sio urembo peke yake, ndo inayoziba ukuta. Ukuta wa tofali usio na plasta na uleule uliopigwa plasta ni vitu viwili tofauti kabisa kwenye sauti.

Sasa hesabu ya matundu. Chukua ukuta ambao haupitishi sauti hata kidogo, halafu utoboe asilimia 1 tu ya eneo lake. Huo ukuta sasa hauwezi kukata zaidi ya desibeli 20 (desibeli ndo kipimo cha sauti), hata ungekuwa mnene vipi. Kwa kulinganisha, ukuta wa tofali za nchi sita uliopigwa plasta pande zote unaweza kukata desibeli 45 na kuzidi. Desibeli hazihesabiki kama mita au kilo, kila ukipunguza 10 nguvu ya sauti inashuka mara kumi, na sikio linaona kama kelele imebaki nusu. Kwa hiyo ukikosa 25, yaani 45 ukitoa 20, kwa ajili ya matundu umekosa karibu ukuta wote. Angalia mlango wako, upana sentimita 80, urefu mita 2, chini una nafasi ya sentimita 1 ya kupisha zulia. Hiyo nafasi ni nusu asilimia ya mlango, na imeshakufunga kwenye desibeli 23, hata ungenunua mlango wa mninga. Ndo maana nawaambia watu waanze na mpira wa kuzungushia fremu na wa chini ya mlango, ni vitu vya bei ndogo na matokeo yake unayasikia usiku uleule. Milango ile ya flashi yenye uwazi ndani ni dhaifu, ukiweza weka wa mbao nzito, lakini ziba kwanza. Pia soketi za umeme, unakuta fundi kaweka ya kwako na ya jirani mgongo kwa mgongo kwenye tundu moja la ukuta, hapo mnasikilizana kabisa. Mwambie fundi umeme azime umeme kwenye swichi kuu kwanza ndo azifungue, asogeze moja pembeni, na tundu lijazwe saruji.

Ukishamaliza matundu ndo unakuja kwenye uzito. Sauti ili ipite kwenye ukuta mzima inabidi iutikise, na kitu kizito hakitikisiki kirahisi. Kanuni yake ni kwamba ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata kama desibeli 5 au 6 hivi, ambayo sio nyingi. Mita moja ya mraba ya ukuta wa tofali za nchi sita zisizo na uwazi ndani ina kama kilo 300, ya jipsamu ya milimita 12 ina kilo 9 au 10, na ya bati la kawaida ni kama kilo 3. Ukizishika hizo namba tatu kichwani utaelewa mambo mengi ya nyumba yako. Utaelewa pia kwa nini dari la PVC, yaani la plastiki, linaloshika kasi sasa hivi, ambalo ni zuri kwa maji na kusafisha, halikusaidii kwenye kelele, halina uzito. Jipsamu ni bora zaidi, na jipsamu mbili juu ya moja, viungo vikipishana, ni bora zaidi tena, ila muulize fundi aliyepaua kama kenchi zitabeba kilo 20 kwa kila mita ya mraba.

Sehemu mbili zenye nafasi katikati zinafanya kazi kuliko ukuta mmoja wa uzito huohuo, mradi zisigusane. Fremu ya mbao iliyosimama yenyewe sentimita chache kutoka kwenye ukuta wa zamani, pamba katikati, jipsamu mbele. Ukiigonga fremu moja kwa moja ukutani mtetemo unapita kwenye mbao na misumari, na nafasi ikiwa nyembamba sana ya sentimita moja au mbili tu sauti za besi zinaweza hata kuongezeka. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wengi wanatumia hela nyingi hapa na kazi inakuwa bure.

Kuna wanaouliza kama nyuzi za mkonge zinaweza kukaa badala ya pamba ya dukani, na kwa mkoa wetu ni swali la haki kabisa, mkonge upo huku tangu Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, alipouleta mwaka 1893. Nyuzi za mkonge na za makumbi ya nazi kweli zinanyonya sauti, na mafundi wa jipsamu wamezitumia siku zote kuipa nguvu bodi wanayomimina wenyewe. Kuzijaza ukutani inawezekana, lakini zinaungua na zinashika unyevu, na unyevu wa huku pwani unaujua, zikilowa zinaota ukungu na kuliwa. Kwa hiyo kwa ukuta wa nje au dari linalovuja, hapana. Misumari na skrubu nazo chukua zilizochovywa kwenye zinki, hewa ya chumvi inakula chuma cha kawaida haraka.

Mvua. Masika ikianza, Machi mpaka Mei, mwenye nyumba ya bati hasikii redio wala simu. Bati jembamba lisiloshikwa vizuri ni ngozi ya ngoma, kila tone linalipiga na lenyewe linatetemeka mpaka chini. Nyumba ya makuti haina hilo tatizo, ya vigae vya udongo inalo kidogo. Kama hujaezeka bado, chagua bati nene, kumbuka geji 28 ni nene kuliko 30, namba ikipanda bati linakuwa jembamba, au yale ya vigae vya chuma yenye changarawe juu, hayo chembe zake zinapunguza mtetemo. Kama umeshaezeka, kaza skrubu zote zenye mpira, maana bati lililolegea linalia mara mbili, kwa mvua na kwa upepo wa kusi, halafu tandika pamba ya kuhami juu ya dari la jipsamu. Hiyo pamba inapunguza na joto pia, kwa hiyo hela moja umefanya kazi mbili. Wakati wa kuitandika vaa barakoa, glavu na nguo ya mikono mirefu, na usizifunike taa zile za kuzamishwa kwenye dari, zinahitaji nafasi ya kupoa.

Madirisha ndo sehemu ngumu kwa pwani na sitaki kuwadanganya. Luva hazizibi chochote hata ukizifunga, vioo vinapishana tu. Dirisha la aluminiamu la kusukuma lenye mpira mzuri ni afadhali. Lakini ukifunga kila kitu Februari hapa Tanga hulali kwa joto, pangaboi linazungusha hewa ileile ya moto. Kinachowezekana ni kuhamisha kitanda kwenda chumba kisichotazama barabara, na kwa tundu la hewa la juu ya dirisha tengeneza kiboksi cha mbao ambacho hewa inaingia kwa kukata kona mbili, ndani kimewekwa pamba iliyofunikwa kitambaa. Hewa inapinda, sauti nyingi inabaki kwenye pamba. Na kama kuna mtu anapikia au anaacha jiko la mkaa ndani ya hicho chumba, usizibe hata tundu moja, ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu wamelala.

Kwa wanaokaa chini kwenye ghorofa na juu kuna mtu anatwanga kwenye kinu au watoto wanakimbia, hiyo ni kelele ya kugonga, inasafiri ndani ya zege lenyewe na kuongeza dari chini kunasaidia kidogo tu. Tiba iko kwa wa juu. Zulia lenye kapeti nene chini yake, vipande vya mpira chini ya miguu ya viti, kinu kiwekwe juu ya kipande cha tairi au magunia yaliyokunjwa. Panda ukaongee nao vizuri, mara nyingi hawajui kabisa kama unasikia.

Sabufa ni habari nyingine. Besi ndo sauti ngumu kuliko zote kuizuia, kuta nyepesi haziioni, na mkesha wa vigodoro ukiwekwa mtaani hakuna jipsamu itakayokuokoa. Kama sabufa ni ya kwako, itoe kwenye kona, kona inaongeza besi, isogeze mbali na ukuta mnaoshirikiana na jirani na iweke juu ya mpira mzito isitikise sakafu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 1999 lilisema chumba cha kulala usiku wastani usizidi desibeli 30, na mtoto au mgonjwa aliye nyumba ya pili anauhitaji huo utulivu kama wewe. Kama kelele ni ya wengine na mazungumzo yamegonga mwamba, nenda serikali ya mtaa kwanza. Ikishindikana kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, zinasimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira. Andika tarehe, saa iliyoanza na saa iliyoisha kila inapotokea, malalamiko yenye kumbukumbu yanafanyiwa kazi kirahisi kuliko ya mdomo.

La mwisho ni kwa wenye nyumba za zamani, hasa zile za mashirika na baadhi ya majengo ya miaka ya nyuma. Ukikuta bodi za dari au paa la kijivu, gumu kama saruji nyembamba, huenda ni asbesto. Usiikate, usiitoboe, usiisugue, vumbi lake linaharibu mapafu miaka mingi baadaye. Simamisha kazi, watoe watu humo, muite mtaalamu aikague kabla fundi hajarudi.