Kisukari cha mtoto si mzani wa mama peke yake

Imani hii ina umri mrefu: mama akiwa mnene, mtoto atapata kisukari; akiwa mwembamba, hana wasiwasi. Baba hatajwi kabisa, jambo ambalo kwa kweli linashangaza kidogo.

Kwanza tutenganishe. Kisukari aina ya 1 hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Na hapa, baba mwenye aina hiyo huongeza hatari kwa mtoto kuliko mama mwenye nayo.

Aina ya 2 ndiyo inayohusiana zaidi na uzito. Unene wa mzazi, awe baba au mama, huongeza uwezekano, lakini haupitishi hukumu. Urithi umo, mazoea ya nyumbani yamo, na tumbo la uzazi nalo limo. Glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, hupita kwenye kondo la nyuma lakini insulini ya mama haipiti, hivyo sukari ikimpanda mama, kongosho la kijusi hulazimika kufanya kazi ya ziada. Miongoni mwa Wapima, jamii ya wenyeji wa asili wa Arizona, Marekani, watoto waliozaliwa baada ya mama kugundulika na kisukari waliugua zaidi kuliko ndugu zao, baba mmoja mama mmoja, waliozaliwa kabla.

Wembamba nao si kinga. Waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944–45 walipofika utu uzima miili yao ilishindwa kudhibiti sukari vizuri, ingawa mama zao walikuwa wamekonda kwa kukosa chakula.