Namba 3 kwenye kasha la gemu

Hapa Mwanga, Kigoma, wazazi wengi huamini kwamba namba 3 kwenye kasha la gemu ya mpira ina maana mtoto wa miaka mitatu ataiweza. Sivyo. Hiyo ni alama ya PEGI, mfumo wa Ulaya wa kuonyesha gemu inafaa umri gani, ulioanza 2003, na inapima maudhui tu: damu, matusi, kamari. Ugumu haupimwi. Mpe wa miaka minne pedi uone: vidole havifiki vitufe, mchezaji anazungukazunguka kwenye kibendera cha kona, kilio kinaanza. Wala namba haihusu maneno ya wageni mtandaoni. Gemu ya mpira EA Sports FC 24 ina 3, lakini pia inauza pakiti za wachezaji za kubahatisha. Onyo lake liko nyuma ya kasha (kama banda la gemu linalo kasha lenyewe).