Dopdi Alikataa Nguo: Dhana Potofu Kuhusu Wanawake wa Mahasweta Devi

Dhana: Ni hadithi za kumlilia mwanamke mnyonge.

Atakayefungua vitabu vya Mahasweta Devi (1926–2016), mwandishi wa Kibengali wa India, akiwa na leso mkononi hatamwelewa Dopdi Mejhen. Dopdi ni Msantali, mmoja wa wenyeji wa asili wa India, wa miaka 27 katika hadithi fupi "Draupadi", iliyomo kwenye mkusanyiko wa *Agnigarbha* (1978). Ni mpiganaji wa msituni, enzi za uasi wa wakulima uliozuka Naxalbari, Bengali Magharibi, mwaka 1967. Anakamatwa, na askari wanambaka usiku kucha kwa amri ya mkubwa wao, Senanayak, msomi anayejisifu kwamba anawaelewa maadui zake. Asubuhi anapewa maji na kuamriwa aende kwa mkubwa. Maji anayamwaga, nguo anairarua kwa meno, kisha anamwendea Senanayak akiwa uchi na majeraha yake. Hadithi inakatika pale ofisa huyo anapoogopa, kwa mara ya kwanza, kusimama mbele ya mtu asiye na silaha. Nani wa kuhurumiwa hapo?

Mary Oraon naye, katika hadithi nyingine, anamuua kwa panga mfanyabiashara wa magogo anayemwandama, tena siku ya sikukuu ambayo wanawake ndio huingia msituni kuwinda.

Dhana: Dopdi ni Draupadi wa Mahabharata, utenzi mkongwe wa Kihindu, aliyehamishiwa karne ya 20.

Draupadi wa utenzi ule anavuliwa sari mbele ya wafalme, na mungu Krishna anamwokoa kwa kuifanya isiishe. Kwa Dopdi hashuki mungu yeyote. Hata jina hilo la kifahari hakupewa na wazazi wake: alipewa na mke wa Surja Sahu, tajiri ambaye mama yake Dopdi alikuwa akimpuria mpunga. Watu wake wanamwita Dopdi.

Dhana: "Wa kabila", kama wanavyoitwa akina Dopdi, maana yake ni wa kijijini.

Kwetu kila mtu ana kabila lake, ndiyo maana neno hilo hutupoteza. Waadivasi, kama Wasantali na Waoraon, ni wenyeji wa asili wa India, walio nje ya ngazi za matabaka ya Kihindu.

Dhana: Mkandamizaji huwa mwanamume.

Jashoda wa "Stanadayini", hadithi nyingine ya Mahasweta, si Muadivasi, ni Mbrahmini, wa tabaka la juu kabisa la Kihindu, ila maskini. Ananyonyesha watoto wa nyumba ya matajiri ili wake za wana wa nyumba hiyo wasiharibu maumbo yao, na aliyemwajiri kwa kazi hiyo ni bibi mwenye nyumba. Jashoda anakufa kwa saratani ya matiti, peke yake.

Dhana: Mwandishi mwenyewe alikuwa Muadivasi.

Alizaliwa Dhaka, binti wa mshairi Manish Ghatak. Waadivasi aliwafuata kwao, akawatetea miaka mingi, hasa Wasabar wa Purulia, wilaya ya Bengali Magharibi.

Dhana: Makali ya hadithi hizi yalikwisha zamani.

Agosti 2021, Chuo Kikuu cha Delhi kiliiondoa "Draupadi" kwenye mtaala wa shahada ya Kiingereza.