Chai ya artemisia na vidonge vya ALu: kwa nini si kitu kimoja?

Ni kweli ALu, dawa mseto ya malaria, ilianzia kwenye majani ya artemisia?

Ndiyo. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya, maana klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa na vimelea. Mtafiti Tu Youyou wa Beijing alipewa kazi ya kupekua tiba za asili. Dondoo ya artemisia, mmea mmojawapo wa tiba hizo, ilifanya kazi leo, kesho ikagoma. Ufumbuzi aliupata katika maandiko ya tabibu wa Kichina Ge Hong ya karne ya 4: majani yalowekwe kwenye maji, yakamuliwe, maji yake yanywewe. Kuchemsha hakukutajwa. Tu akashuku kwamba joto ndilo linaloharibu dawa, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi. Oktoba 1971, dondoo namba 191 ilifuta vimelea vyote kwa panya wa maabara. Mwaka uliofuata kemikali yenyewe, artemisinini, ikatengwa. Mwaka 2015 Tu alipata Tuzo ya Nobel.

Basi kwa nini hatumezi artemisinini hiyohiyo?

Haiyeyuki vizuri kwenye maji wala kwenye mafuta. Wakemia wakaibadilisha, ila sehemu moja hawakuigusa: pale atomu mbili za oksijeni zilipoungana. Kimelea kinapokula himoglobini ya damu, madini ya chuma yaliyomo huuvunja muungano huo, na hapo huzaliwa kemikali kali zinazoharibu protini za kimelea chenyewe. Ni kama kimelea kinajitegea mtego kwa chakula chake. Kwa mabadiliko hayo tukapata artemetha, inayoyeyuka kwenye mafuta, na artesuneti, anayochomwa mgonjwa wa malaria kali.

Mbona ALu ina dawa mbili?

Artemetha huua vimelea vingi upesi, lakini huisha mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hukaa siku kadhaa ikimalizia vilivyosalia. Ndiyo maana dozi humezwa mara 6 kwa siku 3, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Tafadhali usiache siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka. Vimelea bado vimo.

Nikichemsha majani nyumbani je?

Usitibu malaria hivyo, hasa kwa mtoto. Kiasi cha artemisinini hutofautiana mmea kwa mmea, na hakuna anayejua kikombe chako kina kiasi gani. Dozi pungufu inaweza kutuliza homa huku vimelea vikiendelea kuzaana, na malaria kali humvamia mtoto kwa muda mfupi sana. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi hayo. Ukihisi homa, nenda ukapime.

Vimelea vikizoea ALu?

Hofu hiyo ni ya kweli: usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini, yaani dawa huchelewa kuua vimelea, umeshathibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Kwa hiyo watafiti wanatafuta kemikali zinazoshambulia kwa njia nyingine. Mojawapo ni ganaplasidi, iliyopatikana maabara baada ya kuchuja zaidi ya kemikali milioni 2, na imejaribiwa kwa wagonjwa barani Afrika ikiwa pamoja na lumefantrini.