Mtoto na upasuaji wa vali ya moyo: maswali ya wazazi

Vali ya mtoto inaharibikaje?

Vali ni kama mlango mdogo ndani ya moyo, unaopitisha damu upande mmoja tu. Wapo wanaozaliwa nayo ikiwa na kasoro, imebana au inavuja. Kichanga wa namna hii hunyonya kidogo, anaachia ziwa, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na uzito hauongezeki. Wengine huzaliwa wazima. Baadaye, hasa kati ya miaka 5 na 15, wanaugua koo kwa bakteria, halitibiwi inavyopaswa, na inafuata homa ya baridi yabisi inayoshambulia vali, mara nyingi ile ya mitrali iliyo upande wa kushoto.

Ni lazima apasuliwe kifua?

Si lazima. Vali ya mshipa wa mapafu ikiwa imebana, mara nyingi hutanuliwa kwa puto dogo linalopitishwa kwenye mshipa wa paja. Inayovuja puto haliiwezi. Hapo kifua hufunguliwa, moyo husimamishwa, na mashine hushika kazi ya moyo na mapafu hadi daktari amalize. Tanzania, upasuaji huu unafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Mbona daktari anataka kukarabati, wakati vali mpya zipo?

Kwa sababu mtoto anakua, vali bandia haikui. Inayomtosha akiwa na miaka 6 huenda ikawa ndogo akifika 14, arudi tena mezani. Vali ya kimakanika hudumu, ila damu huweza kuganda juu yake, kwa hiyo atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku maisha yake yote. Kwa binti hilo ni zito zaidi: dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni siku akija kushika mimba. Vali ya tishu ya ng'ombe au nguruwe haimfungi kwenye warfarini ya maisha, lakini kwa watoto hukakamaa mapema kuliko kwa wazee. (Kama mnyama gani ni jambo la imani kwenu, ulizeni kabla ya siku ya upasuaji. Si swali la kuonea aibu.)

Akiwa kwenye warfarini, mchicha marufuku?

Hapana. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, inayopunguza nguvu ya dawa. Ale, ila kiasi kisibadilikebadilike: wiki nzima hakuna, halafu sahani mbili kwa siku, ndiko kunakovuruga kipimo cha INR, kile cha kuangalia damu inachukua muda gani kuganda. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini asipewe bila daktari kujua. Akigonga kichwa, hospitali siku hiyohiyo, hata kama anacheka.

Ameshapasuliwa, sindano za penisilini za nini tena?

Kama chanzo kilikuwa baridi yabisi, upasuaji umetengeneza vali tu. Koo likishambuliwa tena, homa inaweza kurudi na kuiharibu upya. Ndiyo maana anachomwa kila baada ya wiki 3 hadi 4, kwa miaka mingi. Akiwa pia kwenye warfarini, mwambie muuguzi kabla hajachoma. Na kabla ya kung'olewa jino, daktari wa meno aambiwe kuhusu vali, maana huenda akahitaji antibayotiki kwanza.