Kijana akianguka katikati ya mbio usimmwagie maji ukamrudisha uwanjani

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, mimi kazi yangu ni moyo, na leo naomba tuongelee kitu kimoja ambacho kinanikosesha raha kila mazoezi ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, yakianza. Kijana yuko uwanjani anakimbiza mpira, mzima kabisa, ghafla anaenda chini. Wenzie wanamkimbilia, anamwagiwa maji, anapepewa, baada ya muda anafumbua macho, hapo kila mtu na lake, huyu anasema jua, huyu anasema hakunywa chai, mwingine anasema kachezewa, halafu kipindi cha pili anarudishwa ndani. Jamani hapana.

Kuzimia kupo kwa aina nyingi. Mtoto aliyesimama paredi juani muda mrefu, macho yakaingia giza taratibu akakaa chini, huyo mara nyingi presha imeshuka tu. Ila anayeanguka akiwa kwenye mbio, au ndo anamaliza tu, huyo mchukulie ni mgonjwa wa moyo mpaka vipimo viseme vingine.

Sababu mojawapo ni hii. Moyo unasukuma damu mwili mzima lakini na wenyewe ni nyama, unahitaji kulishwa, na unalishwa na mishipa miwili inayochomoza kwenye shina la aota, ule mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, mmoja kulia mmoja kushoto. Sasa kuna watu wachache, hawafiki hata mmoja katika mia, toka tumboni mwa mama mshipa mmoja umechomoza upande usio wake, na ili ufike unakotakiwa unajipenyeza katikati ya aota na mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni. Na tundu unapoanzia mara nyingi sio la duara, limekaa kama tundu la kifungo cha shati. Akiwa amekaa, anakula, analala, hana shida yoyote. Akikimbia kwa nguvu aota inatanuka, mshipa unabanwa, lile tundu linazidi kufinyika, na ndo muda huohuo nyama ya moyo inataka damu nyingi kuliko wakati wote. Ikikosa, umeme wa moyo unavurugika na moyo unabaki kutetemeka tu bila kusukuma kitu. Wa kushoto uliotokea kulia ndo wa hatari zaidi, wa kulia uliotokea kushoto unaonekana kwa watu wengi zaidi ila hatari yake ni ndogo.

Na msiniambie "huyu ana pumzi, hawezi kuwa na ugonjwa wa moyo". Pete Maravich wa Marekani alicheza basketi ya kulipwa misimu 10, tarehe 5 Januari 1988 akaanguka akicheza mechi ya kawaida tu na kufariki, ana miaka 40, walipompasua wakakuta mshipa wa kushoto hana kabisa toka kuzaliwa.

Kwa hiyo mtoto akikwambia kifua kinambana akikimbia, au moyo unamwenda mbio vibaya, au ameshawahi kuzimia mazoezini hata mara moja, asimamishe mazoezi kwanza, aje hospitali. Nyie wa Mtwara kuna Ligula na ile ya Kanda ya Kusini, Lindi kuna Sokoine, muanzie hapo. Na mjue ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, ya mtu aliyelala kitandani inaweza kutoka safi kabisa na tatizo lipo, hivyo mkiambiwa eko, yaani ultrasound ya moyo, au mkipewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar kwa ajili ya picha ya CT ya mishipa ya moyo, nendeni, najua nauli na malazi vinauma hasa korosho zikiwa bado hazijalipwa, ila nendeni. Likionekana linatibika, kuna wanaofanyiwa upasuaji wa kuhamisha mshipa au kufungua tundu lake, wengine wanafuatiliwa tu.

Kwa wenye vichanga kuna aina nyingine, mshipa wa kushoto unatokea kwenye ule wa mapafu. Mtoto wa mwezi mmoja au miwili akinyonya anatoka jasho jingi, anahema haraka, analia kama ana chango, uzito haupandi. Huyo msimtafutie dawa ya chango kwa mama jirani, mleteni haraka.

Makocha na walimu wa michezo, hili ni lenu. Aliyeanguka ukimwita haitiki, na hahemi au anahema kwa kukoroma koroma, usihangaike na maji. Mtume mtu atafute gari, wewe weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukichoka mwingine apokee, msiache mpaka azinduke au mhudumu afike. Na akizinduka bado anakuja hospitali siku hiyohiyo, aje na aliyemuona akianguka, maana swali langu la kwanza litakuwa alikuwa anakimbia au alikuwa amesimama.